Fannie Lou Hamer: Mchuma pamba aliyeitoa imani kanisani akaipeleka kwenye sanduku la kura

Mabishano kuhusu dini na siasa ni ya kale, na hayaelekei kumalizika karibuni. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya mwumini ni kusali, kutoa sadaka na kungoja ujira wake mbinguni, na kwamba mambo ya utawala yaachiwe watawala. Wapo wengine, hasa vijana waliopata elimu, ambao huiona dini kuwa dawa ya usingizi waliyonyweshwa wanyonge ili wasiamke kudai haki zao. Makundi haya mawili hayapatani hata kidogo. Hata hivyo, ukiyachunguza kwa makini utaona kwamba yanakubaliana katika jambo moja kubwa, nalo ni kwamba imani ya dini na madai ya haki ni kama mafuta na maji.

Leo ningependa kuwasimulia wasomaji, na hasa walimu na wanafunzi wetu, habari za mwanamke mmoja ambaye maisha yake yaliyakosoa makundi yote mawili. Hakuwa kasisi wala mwanasheria. Hakusoma hata kulifikia darasa la saba. Kwa muda wa karibu miaka arobaini alifanya kazi katika mashamba ya pamba ya watu wengine. Lakini kabla ya kufa kwake alikuwa amemtia wasiwasi rais wa taifa lenye nguvu kuliko mengine yote duniani, na silaha yake kuu ilikuwa Biblia aliyoizoea tangu utotoni katika kanisa dogo la mashambani. Jina lake ni Fannie Lou Hamer.

Bi. Hamer alizaliwa tarehe 6 Oktoba, 1917 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikuwa kitindamimba wa watoto 20 wa Bw. Jim Townsend na mkewe, Bi. Lou Ella. Nyanya yake alikuwa ameuonja utumwa, na ingawa utumwa ulikuwa umepigwa marufuku mwaka 1865, ukoo huo haukuwa umekwenda mbali nao. Alipokuwa na umri wa miaka miwili, wazazi wake walihamia kaunti ya Sunflower, katika nchi tambarare yenye rutuba iliyo mashariki ya mto Mississippi. Huko watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, lakini ardhi, maduka, mahakama na bunduki za askari vyote vilikuwa mikononi mwa weupe.

Familia hiyo ililima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Yafaa tuueleze mpango huo, kwa kuwa ndio uliokuwa kamba iliyowafunga watu weusi wa kusini baada ya minyororo ya utumwa kukatwa. Mwenye shamba alitoa ardhi na kuwakopesha wakulima mbegu, mbolea na chakula kutoka katika duka lake mwenyewe. Wakati wa mavuno, pamba iligawanywa nusu kwa nusu, kisha gharama zote zikakatwa katika fungu la mkulima. Aliyeandika daftari la madeni alikuwa mwenye shamba yule yule. Mwaka baada ya mwaka, mkulima alijikuta anadaiwa, na mtu aliyethubutu kuuliza jinsi hesabu ilivyopigwa alihesabiwa kuwa mkorofi.

Fannie Lou alinaswa na mtego huo akiwa na umri wa miaka sita. Mwenye shamba alimkuta akicheza kando ya barabara, akamwuliza kama angeweza kuchuma ratili 30 za pamba kwa wiki, akamwahidi vitu vitamu kutoka dukani. Mtoto alijikaza akazitimiza ratili hizo. Baadaye alipokuwa mtu mzima ndipo alipotambua kwamba vile vitamu vilikuwa chambo, kwani wiki iliyofuata alitakiwa kuchuma zaidi, na tangu hapo hakutoka tena shambani. Alipofika umri wa miaka 13 alikuwa akichuma ratili 200 na zaidi kwa siku, ingawa ugonjwa wa kupooza ulikuwa umemwachia mguu wa kuchechemea.

Shule ya watoto weusi ilifunguliwa kwa muda wa miezi minne tu kila mwaka, majira ya baridi, wakati ambapo mashamba hayakuwa na kazi. Fannie Lou alipenda sana kusoma, na alikuwa hodari wa kuendeleza maneno na kukariri mashairi. Lakini baada ya miaka sita ilimbidi aache shule ili awasaidie wazazi wake waliokuwa wanazeeka. Tangu hapo darasa lake lilikuwa kanisa. Alibatizwa mtoni akiwa na umri wa miaka 12, akajifunza Biblia katika kanisa la Kibaptisti ambako watu wa hali yake walikusanyika. Baba yake mwenyewe alikuwa mhubiri. Mama yake aliimba nyimbo za dini kondeni akiwa ameinamia jembe, na ndiye aliyemnunulia bintiye mwanasesere mweusi na kumsisitizia kwamba akiwa mkubwa aiheshimu nafsi yake kwa jinsi alivyoumbwa. Somo hilo halikuwa dogo, kwani kila kitu katika jimbo la Mississippi kilimfundisha mtoto mweusi kuichukia ngozi yake.

Wakati mmoja ilionekana kana kwamba Mzee Townsend angejikwamua. Alikodi shamba, akanunua nyumbu watatu, ng'ombe na vifaa vya kulimia. Kisha usiku mmoja jirani mweupe akatia sumu katika chakula cha wanyama hao, nao wakafa wote. Familia ilirudi katika kulima kwa kugawana mavuno, wala haikuinuka tena. Mzee huyo alifariki mwaka 1939. Mama yake naye aliumia jicho akifyeka shamba, akaishia kuwa kipofu, akafariki mwaka 1961 akitunzwa na binti yake huyo.

Mwaka 1944 Fannie Lou aliolewa na Bw. Perry Hamer, dereva wa trekta, wakaishi katika shamba moja kubwa karibu na mji mdogo wa Ruleville. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alifanywa karani wa kuandika saa za kazi na uzani wa pamba ya kila mchumaji. Hapo ndipo tunapoiona imani yake ikianza kufanya kazi kimya kimya. Mizani ya mwenye shamba ilikuwa ya kupunja. Bi. Hamer alijua jinsi Maandiko yanavyoilaani mizani ya udanganyifu, basi akawa na jiwe lake mwenyewe la kupimia, na kila mwenye shamba alipokuwa hayupo, alilitumia hilo ili wachumaji wapate haki yao. Angeligunduliwa, angefukuzwa au kupatwa na mabaya zaidi.

Mwaka 1961 alikwenda hospitalini kutolewa uvimbe mdogo tumboni. Daktari alimwondoa mfuko wa uzazi bila kumwomba ruhusa wala kumwarifu. Wanawake wengi weusi na maskini wa kusini walitendewa hivyo katika miaka hiyo. Bi. Hamer hakuwa amejaliwa kupata mtoto aliyeishi, na sasa tumaini hilo lilikatika kabisa. Yeye na mumewe walikuwa wamewalea wasichana wawili wa familia maskini kama watoto wao. Alimwendea daktari kumwuliza sababu, lakini hakupata jibu, na hakukuwa na mahakama ambayo ingemsikiliza. Alirudi shambani na uchungu wake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwezi wa Agosti 1962, wakati mkutano ulipoitishwa katika kanisa moja la Kibaptisti mjini Ruleville. Waliokuja kuhutubu walikuwa vijana wa harakati za haki za raia. Mmoja wao, kasisi James Bevel, alihubiri kuhusu ile sura ya Injili ya Mathayo ambamo Yesu anawakemea watu wanaojua kuutazama uso wa mbingu na kutabiri mvua lakini wasiojua kuzitambua ishara za zamani zao. Mwingine, James Forman, wa chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi kama SNCC, alieleza kwamba kwa mujibu wa katiba ya Marekani mtu mweusi alikuwa na haki ya kujiandikisha na kupiga kura, na kwamba kura hiyo ingeweza kuwaondoa madarakani askari na mahakimu wakatili.

Bi. Hamer alikuwa na umri wa miaka 44, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwake kusikia kwamba alikuwa na haki ya kupiga kura. Hebu mwalimu msomaji na autafakari ukweli huo. Nusu karne ilikuwa inakaribia kupita katika maisha ya raia wa nchi iliyojitangaza kuwa bingwa wa demokrasia, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Walipoombwa wanaotaka kujiandikisha wainue mikono, aliinua wake juu kadiri alivyoweza. Kwake yeye ile haikuwa hotuba ya siasa iliyoingizwa kanisani kwa bahati. Ilikuwa mahubiri, na mahubiri hayo yalimdai jibu.

Tarehe 31 Agosti, watu 18 walipanda basi kuukuu kwenda Indianola, makao makuu ya kaunti. Karani wa uandikishaji aliwapa mtihani. Bi. Hamer alitakiwa kunakili kifungu cha katiba ya jimbo, kisha akifasiri. Kifungu hicho kilihusu aina ya sheria ambazo hata mwanafunzi wa chuo kikuu angezieleza kwa taabu, naye hakuwa amewahi kusikia habari zake. Alishindwa, kama ilivyokusudiwa. Njiani kurudi, askari walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini, eti kwa sababu rangi yake ya manjano ilifanana mno na ile ya mabasi ya shule. Faini ilikuwa dola 100, ikapunguzwa hadi 30, nao abiria wakachanga. Wakati abiria walipokuwa wametishika, wasijue kama wote wangetiwa jela, sauti ya mwanamke mmoja ilisikika ikianzisha wimbo wa kanisani, kisha mwingine, na mwingine. Hapo ndipo wale vijana wa SNCC walipomtambua Fannie Lou Hamer.

Alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mwenye shamba alimtaka aende akalifute jina lake, la sivyo aondoke. Bi. Hamer alimjibu kwamba hakuwa amekwenda kujiandikisha kwa ajili yake bali kwa ajili ya nafsi yake. Usiku ule ule alifukuzwa katika shamba alilolitumikia kwa miaka 18. Mumewe alizuiliwa hadi mavuno yamalizike, kisha naye akafukuzwa. Siku chache baadaye, watu waliokuwa ndani ya gari waliifyatulia risasi 16 nyumba ya marafiki aliokuwa amejisitiri kwao. Bahati nzuri hakuwamo usiku huo. Alirudi kwa karani wa uandikishaji, akamwambia kwamba angekuja mara kwa mara hadi afaulu. Januari 1963 aliarifiwa kwamba amefaulu. Alipokwenda kupiga kura mwaka huo, akaambiwa kwamba sharti aonyeshe stakabadhi za kodi ya kichwa za miaka miwili. Wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa chini ya mkoloni wangeielewa hila hiyo bila kuelezwa.

Jaribio kubwa kuliko yote lilimfika tarehe 9 Juni, 1963. Akiwa na wenzake, alikuwa anarudi kwa basi kutoka katika mafunzo ya uraia huko South Carolina. Basi liliposimama katika mji wa Winona, baadhi yao waliingia mkahawani kutafuta chakula, askari wakawakamata. Jela, Bi. Hamer aliwasikia wenzake wakipigwa na kulia, na mmoja wao, hata katika mapigo, akimwomba Mungu awasamehe wanaompiga. Kisha ikafika zamu yake. Askari waliwalazimisha wafungwa wawili weusi wamchape kwa kirungu cha ngozi kilichotiwa chuma, mmoja hadi akachoka, na wa pili akapokea. Alitoka humo figo zake zimeumia, jicho moja limevilia damu, na mguu wake mbovu umezidi ubovu. Majeraha hayo yalikaa naye hadi kaburini.

Yaliyotukia baada ya kipigo ndiyo yanayotuonyesha imani hiyo ilikuwa ya namna gani. Usiku, wafungwa hao waliimba nyimbo za Paulo na Sila waliofungwa gerezani. Mke wa mlinzi wa jela na binti yake waliwaletea maji baridi, na katika mazungumzo mama huyo akasema kwamba nyumbani kwao walijitahidi kuishi maisha ya Kikristo. Bi. Hamer hakumtukana. Alimpa aya mbili za Biblia akazisome akifika nyumbani: moja katika kitabu cha Mithali, kuhusu chuki inayofichwa kwa hila na uovu utakaofunuliwa mbele ya mkutano, na nyingine katika Matendo ya Mitume, kuhusu mataifa yote kuumbwa kutokana na damu moja. Mama huyo aliziandika. Hakurudi tena selo hiyo.

Waliachiliwa tarehe 12 Juni. Siku hiyo hiyo, saa za usiku wa manane, Medgar Evers, kiongozi wa haki za raia katika jimbo hilo, alikuwa amepigwa risasi na kuuawa mbele ya nyumba yake. Maafisa wa Winona walishtakiwa katika mahakama ya serikali kuu, lakini Desemba 1963 baraza la wazee wa mahakama, wote wakiwa watu weupe, liliwaona hawana hatia.

Mwaka 1964 ndio uliolifanya jina lake kujulikana dunia nzima. Kwa kuwa chama cha Democratic cha Mississippi kiliwafungia watu weusi mlango, wao na wachache weupe waliowaunga mkono waliunda chama chao, Chama cha Kidemokrasia cha Uhuru cha Mississippi. Majira hayo ya joto vijana wengi wa vyuo kutoka kaskazini walikuja kusaidia kuwaandikisha wapiga kura. Tarehe 21 Juni, vijana watatu wa harakati hizo, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa. Makanisa zaidi ya 30 ya watu weusi yalichomwa au kulipuliwa. Waliochoma walijua walilokuwa wakilifanya: walikuwa wametambua kwamba nguvu za madai hayo zilitoka humo.

Mwezi wa Agosti, wajumbe 68 wa chama hicho kipya walikwenda Atlantic City, ambako chama cha Democratic kilikuwa na mkutano wake mkuu wa kumteua Lyndon Johnson kugombea urais. Walidai kwamba wao, na si wale weupe watupu, ndio waliokuwa wawakilishi halali wa Mississippi. Tarehe 22 Agosti Bi. Hamer alitoa ushahidi mbele ya kamati ya kuhakiki wajumbe, na kamera za televisheni zikarusha sauti yake nchini kote. Alieleza, bila karatasi mkononi, jinsi alivyofukuzwa shambani, jinsi risasi zilivyopigwa na jinsi alivyochapwa Winona, kisha akahoji kama hiyo ndiyo Marekani. Rais Johnson, akihofia kuwapoteza wapiga kura weupe wa kusini, aliwaita waandishi wa habari ghafla ili kamera zimwache mwanamke huyo. Hila hiyo haikufaulu, kwani jioni vituo vya televisheni viliurudia ushahidi wake, ukasikiwa na watu wengi zaidi.

Serikali ikapendekeza maafikiano: chama hicho kipewe viti viwili tu, na wa kuvikalia wachaguliwe na wakubwa. Bayard Rustin na Roy Wilkins, viongozi mashuhuri wa watu weusi, waliwasihi wakubali. Hubert Humphrey, aliyekuwa akitafuta umakamu wa rais, alibembeleza machozi yakimlengalenga. Bi. Hamer alimwuliza kama cheo chake kilikuwa na thamani kuliko maisha ya watu weusi 400,000 wa Mississippi, akamwahidi kumwombea. Wapo waliomwona kuwa mjinga asiyeielewa siasa. Yeye alishikilia kwamba hawakuwa wamesafiri njia yote hiyo kwa ajili ya viti viwili ilhali wote walikuwa wamechoka. Pendekezo lilikataliwa.

Mwezi uliofuata, yeye na vijana wa SNCC walialikwa kuzuru Guinea, safari iliyofadhiliwa kwa juhudi za mwimbaji Harry Belafonte. Katika ndege aliwaona marubani weusi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Rais Sékou Touré alikuja mwenyewe kuwaamkia wageni wake, na mchuma pamba huyo akatafakari kwamba rais wa nchi yake mwenyewe hakutaka hata asikilizwe. Kutoka huko, wawili wa msafara huo, John Lewis na Donald Harris, waliendelea na safari ya Afrika, na jijini Nairobi wakakutana na Malcolm X. Wakenya tuna uhusiano mwingine na chama hicho: Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wetu, Jaramogi Oginga Odinga alipozuru Atlanta, vijana wa SNCC walikwenda kumwamkia hotelini mwake, na ziara hiyo ikazaa wimbo wenye jina lake ulioimbwa katika mikutano ya harakati zao.

Tarehe 6 Agosti, 1965, Rais Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyofutilia mbali mitihani ya hila. Mwaka 1964, wasiozidi asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura katika Mississippi walikuwa wameandikishwa. Kufikia 1967 walikuwa takriban asilimia 60. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, Bi. Hamer aliingia ukumbini akiwa mjumbe kamili, na watu wakasimama kumshangilia.

Mtu mwingine angeridhika. Lakini alijua kwamba kura haishibishi tumbo. Mwaka 1967 binti yake mmoja, ambaye utapiamlo ulikuwa umemdhoofisha, alifariki alipokuwa akihangaishwa kutafutiwa hospitali ya kumpokea. Mwaka 1969 Bi. Hamer alianzisha shamba la ushirika kwa ekari 40, ambalo baadaye lilipanuka likapita ekari 600. Kulikuwa pia na benki ya nguruwe: familia maskini ilipewa nguruwe jike, naye akizaa, familia ilirudisha watoto wawili jike ili wapewe wengine. Madeni, mafuriko na upungufu wa fedha viliuua mradi huo katikati ya miaka ya 1970, lakini kwa muda jamaa nyingi zilikula chakula cha jasho lao bila kumwomba mwenye shamba.

Sasa turudi kwenye swali tuliloanza nalo. Je, imani ilimfanyia nini mwanamke huyu ambacho siasa pekee isingeweza? Naona mambo matatu.

Kwanza, ilimpa kipimo kilicho juu ya serikali. Sheria za Mississippi zilimwambia kwamba yeye si mtu kamili. Maandiko yalimwambia kwamba wanadamu wote ni wa damu moja. Ilimlazimu achague ni nani mwongo, naye alichagua. Kwake Kristo hakuwa mtu wa kungojwa mawinguni tu, bali mleta mapinduzi aliyetembea na maskini na aliyetumwa kuwafungua waliosetwa.

Pili, ilimkinga na chuki. Aliamini kwamba mtu hawezi kumchukia mwenzake kisha atazamie kuuona uso wa Mungu, na kwamba chuki ilikuwa inawaangamiza weupe wenyewe. Tusimfanye malaika, hata hivyo. Aliweka bunduki chumbani mwake na hakuficha kwamba angeitumia dhidi ya atakayeivamia nyumba yake usiku. Hapo alitofautiana na wenzake waliokataa silaha kabisa. Imani yake haikumwondolea ubinadamu wala hofu. Ilimkataza kulipiza kisasi, lakini hakuona kwamba ilimkataza kuulinda mlango wake.

Tatu, na hili lawahusu sana wanaosema dini ni dawa ya usingizi, imani hiyo hiyo ilimpa ujasiri wa kuwakemea watu wa dini. Aliwashutumu wahubiri, weusi kwa weupe, waliohubiri raha ya mbinguni huku wakiifunga milango ya makanisa yao kwa hofu ya wakubwa. Kwa hiyo hakukosea aliyesema kwamba dini yaweza kutumiwa kumlaza mtu. Wahubiri wa namna hiyo walikuwapo Mississippi, na wapo kila mahali. Alichokosea ni kudhani kwamba hiyo ndiyo dini yote.

Fannie Lou Hamer alifariki tarehe 14 Machi, 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, Mississippi, akiugua saratani na ugonjwa wa shinikizo la damu. Alikuwa na umri wa miaka 59, na alikufa maskini. Andrew Young, aliyekuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alikuja kumwomboleza, na akazikwa Ruleville katika ardhi ya ushirika alioupigania. Mwaka 2006 jina lake lilitiwa katika sheria iliyorefusha muda wa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, na Januari 2025 akatunukiwa, baada ya kufa, nishani ya juu kabisa ya raia nchini mwake. Lakini mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kukitangua kifungu muhimu cha sheria hiyo, ambacho kiliainisha majimbo yenye historia ya ubaguzi yaliyolazimika kuomba idhini kabla ya kubadilisha kanuni za uchaguzi. Nishani hutolewa kwa wafu kwa urahisi kuliko haki zinavyohifadhiwa kwa walio hai.

Kwa mwalimu wa historia, maisha haya ni somo la jinsi sheria zinavyobadilishwa na watu wasio na vyeo. Kwa mwalimu wa elimu ya dini, ni somo la jinsi ya kuisoma aya ya Biblia hadi ikudai jambo. Na kwa mwanafunzi, ningependa akumbuke ule mkono ulioinuliwa mjini Ruleville. Kanisa zima lilisikia mahubiri yale yale usiku huo. Waliopanda basi la Indianola walikuwa 18.